Dimbwi asiloliona: kisa cha gobi wa Bimini

Maji yamekupwa. Kwenye mwamba wa Bimini, visiwa vidogo vya Bahama vinavyotazamana na Florida, samaki mmoja mdogo amebaki ndani ya dimbwi lisilozidi beseni la kufulia. Ukingo wa dimbwi ni jiwe. Ng'ambo ya ukingo ni jiwe vilevile, kavu, limepigwa na jua, na mbele yake kidogo kuna dimbwi jingine. Kijiti kinaingia majini na kumsogelea. Samaki anajipinda, anaruka juu ya ukingo, anapita hewani na kutua majini katika dimbwi la pili. Akisumbuliwa huko pia, anaruka tena kwenda la tatu, na wapo wanaoendelea hivyo dimbwi kwa dimbwi mpaka wakafika kwenye maji ya wazi.

Kuruka si ajabu, samaki wengi huruka. Cha kushangaza ni kutua. Huyu hakuruka ovyo akabahatika, aliruka kama mtu anayevuka uwanja wa nyumba yake usiku bila taa. Lester R. Aronson, mtafiti wa tabia za wanyama katika American Museum of Natural History ya New York, aliona jambo hilo akaona halipaswi kuachwa lipite. Makumbusho hayo yalikuwa na kituo chao cha utafiti wa bahari huko Bimini, Lerner Marine Laboratory. Mwaka 1951 Aronson alichapisha maelezo marefu ya tabia hii pamoja na dhana aliyoiamini. Miaka 20 baadaye, mwaka 1971, alichapisha tena, na safari hii alikuwa na ushahidi. Nimeusoma mwendo huo wa miaka 20 kama kesi moja, na ndivyo ninavyotaka kuuchambua hapa: swali liliulizwaje, kwa nini jibu la kwanza halikutosha, na ni kitu gani hasa kilicholimaliza shauri.

Kwanza tumjue mhusika. Jina lake la kisayansi ni Bathygobius soporator, wa ukoo mkubwa wa gobi, na alipewa jina hilo la spishi na Mfaransa Achille Valenciennes mwaka 1837. Hata akikua sana hafiki shubiri: mkubwa kabisa ana kama sentimita 15, na wengi ni wafupi kuliko kidole cha kati. Rangi yake ni ya mwamba anaokaa, kahawia yenye mabaka, hivyo ukimkodolea macho asipotikisika unaweza kumkosa. Mapezi yake mawili ya tumboni yameungana yakawa kama kikombe cha kujinatisha kwenye jiwe ili wimbi lisimzoe. Nyuzi za juu za mapezi yake ya kifuani zimeachana, nyembamba kama hariri. Anapatikana toka Bermuda na Florida hadi Brazil, na ng'ambo ya Atlantiki kwenye pwani ya Afrika Magharibi.

Tena ni samaki wa kwake, si mzururaji. Mtafiti mwingine wa Marekani, William N. Tavolga, alimchunguza gobi huyuhuyu katika miaka ya 1950 akaona kwamba dume hubadilika rangi na kutoa mlio mzito anapombembeleza jike. Akaona pia kwamba majimaji ya ovari ya jike yakimiminwa tu karibu naye, dume huanza kubembeleza hata kama jike mwenyewe haonekani. Mayai hunatishwa ndani ya ganda au chini ya jiwe, na dume hubaki akiyalinda. Hili lina uzito katika kesi yetu, maana mnyama mwenye makao ana sababu ya kuyajua mazingira yake vizuri.

Msomaji wa pwani yetu asimchanganye na yule samaki wa tope la mikokoni, mwenye macho yaliyochomoza juu ya kichwa, anayetembea kwa mapezi na kushinda nje ya maji. Yule pia ana ukoo na gobi, lakini maisha yake ni mengine. Gobi wa kisa hiki ni mtu wa majini, na huko nje hana shughuli isipokuwa kuvuka. Jamaa zake wa karibu, wa jenasi ileile ya Bathygobius, wapo kwetu pia kwenye miamba ya Bahari ya Hindi. Wale vidagaa wa kahawia wanaopotea chini ya jiwe mara tu kivuli chako kinapoangukia dimbwi, huenda baadhi yao ndio hao.

Kwa nini aruke? Dimbwi la mwambani maji yakipwa ni mahali pa salama na ni mtego kwa wakati mmoja. Papa na samaki wakubwa wameondoka na maji, lakini pweza hakuondoka. Wanaochokoa pweza wakati wa bamvua wanajua vizuri kwamba mnyama huyo hukaa kwenye matundu ya mwamba hata maji yakiwa kifundoni, na mkono wake hufika mahali ambapo kichwa hakifiki. Ndege wa pwani nao hupita dimbwi hadi dimbwi. Gobi akibanwa na pweza ndani ya beseni la maji, hana pa kuzungukia. Njia pekee ni juu. Lakini njia ya juu ina bei yake: akikosea, anaangukia jiwe la moto, na hapo mwenye mdomo mrefu humwokota bila taabu.

Sasa ugumu wa swali. Jiweke mahali pa samaki. Uko chini ya uso wa maji, macho yako yako chini kuliko ukingo wa jiwe. Mwanga unaotoka hewani hupinda unapoingia majini, kwa hiyo mambo yote ya juu unayaona yamebanwa ndani ya duara moja juu ya kichwa chako: mbingu, wingu, labda kichwa cha mtu aliyeinama. Dimbwi la jirani ni kitu kilicholala bapa, nyuma ya jiwe, usawa mmoja na lako au chini yake. Halina namna ya kuonekana kutoka humo. Samaki anaruka kwenda kwenye kitu asichokiona.

Dhana zilizokuwepo zinahesabika. Ya kwanza ni bahati: anaruka upande wowote, na palipo na madimbwi mengi yaliyokaribiana, mengi ya maruko yataishia majini. Ya pili ni kwamba kuna alama anayoiona au kuihisi papo hapo: mng'ao wa maji ya jirani ukipiga hewani, mwelekeo wa jua, au mteremko wa jiwe unaomwambia bahari iko upande gani. Ya tatu ni kwamba alikwisha kujua kabla. Aronson mwaka 1951 aliegemea hii ya tatu, na aliieleza hivi kwa ufupi: maji yanapojaa, mwamba wote huwa chini ya maji, na gobi huogelea juu ya yale ambayo baadaye yatakuwa madimbwi. Wakati huo yeye anayaona kama mabonde, na kingo zake anaziona kama vilima. Maji yakipwa, mabonde yanabaki na maji, vilima vinatoka juu, na samaki anabaki na ramani kichwani.

Ni dhana nzuri. Lakini uzuri wa dhana si ushahidi, na naipenda kesi hii kwa sababu Aronson hakuishia hapo. Tatizo la mwamba wa kweli ni hili: kila gobi utakayemkuta dimbwini tayari amekwisha kuogelea juu ya mwamba huo, pengine mara mia. Huwezi kumpata mjuzi na mgeni ukawaweka kwenye dimbwi moja na kuwalinganisha. Alama za papo hapo nazo huwezi kuziondoa. Jua liko palepale na jiwe limeteremka palepale. Mpinzani mwenye akili angeweza kusema kwamba samaki anasoma kitu fulani cha sasa ambacho sisi hatujakigundua, na hapo mwambani usingekuwa na la kumjibu.

Jibu likawa kujenga mwamba. Aronson alitengeneza madimbwi ya bandia ambamo yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kujaa na kupwa kwa maji. Hapo sasa aliweza kuamua nani asome na nani asisome. Samaki wa kundi moja waliwekwa kwenye dimbwi maji yakiwa yamepwa, hawajawahi kuogelea juu ya mahali hapo. Wa kundi la pili walipewa usiku mmoja wa maji yaliyojaa, wakazunguka watakavyo, kisha maji yakashushwa. Halafu wote wakachokolewa kwa kijiti, yaani adui wa bandia kwenye mwamba wa bandia.

Samaki wasiowahi kuona mahali hapo walifaulu kuruka vizuri kwa asilimia 15 tu. Waliolala usiku mmoja wa maji kujaa walifaulu kwa asilimia 97. Na baada ya siku 40, somo likiwa ni lile moja, bado walikumbuka njia ya kutorokea.

Tusizipite tarakimu hizi haraka. Wengi huiangalia 97 na kushangilia, mimi naona 15 ndiyo yenye kazi kubwa zaidi. Hiyo ndiyo kipimo cha bahati pamoja na kila alama ya papo hapo kwa jumla. Kama gobi angekuwa anaongozwa na mng'ao wa maji ya jirani, mgeni naye angeuona, kwa kuwa mng'ao hauulizi umekaa hapa tangu lini. Kama ni mwanga wa juu au mteremko, mgeni naye anavyo. Kila kitu kilichopo wakati wa kuruka kilikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Kilichokuwa tofauti ni jana. Kwa pigo moja jaribio limezifuta dhana zote za aina ya pili, hata zile ambazo hakuna aliyekuwa ameziwaza bado, na halikuhitaji kuzitaja moja moja. Hiyo ndiyo nguvu ya jaribio lililopangwa vizuri, na ndiyo sababu ningetaka kila mwanafunzi wa baiolojia alipitie.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Je, si huenda wageni walishindwa kwa woga tu? Samaki aliyewekwa mahali pageni huchanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa huruka vibaya. Ni kweli kwamba woga unaweza kupunguza kiwango cha mgeni. Lakini hauwezi kumpandisha mwenyeji hadi 97. Mwenyeji hahitaji utulivu peke yake, anahitaji kujua ni upande gani na mbali kiasi gani, na habari hiyo haipatikani kwa kutulia. Lazima iwe imetoka mahali fulani, na mahali pekee palipobaki ni usiku ule.

Hapa tunafika kwenye kiini. Gobi alijifunza lini, na kwa malipo gani? Usiku ule wa maji kujaa hakukuwa na kijiti. Hakukuwa na pweza, wala chakula kilichowekwa kwenye dimbwi la pili kumvuta. Alikuwa anaogelea tu. Maarifa aliyoyachukua hayakuwa na matumizi yoyote wakati anayachukua, yalikuja kufaa saa kadhaa baadaye, katika dunia iliyobadilika sura kabisa. Nadharia zilizotawala saikolojia ya wanyama Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilishikilia kwamba mnyama hujifunza kwa kutuzwa au kuadhibiwa, tendo kwa tendo. Edward Tolman na mwenzake Honzik walikuwa wameonyesha mwaka 1930 kwamba panya wanaozurura kwenye vichochoro bila kulishwa hujifunza vichochoro hivyo kimyakimya, na ukiwawekea chakula tu mwishoni ujuzi wao hujitokeza. Mwaka 1948 Tolman akaandika juu ya ramani ya akilini. Hao walikuwa panya. Kulikuta jambo la namna hiyo kwa samaki wa sentimita chache, mwambani, bila mtu kumjengea vichochoro, ni kitu kingine kabisa.

Tena angalia ugumu wa ramani yenyewe. Panya hujifunza kichochoro kwa kukipita na hukitumia kwa kukipita. Gobi hujifunza kwa kuogelea juu ya mwamba uliozama, lakini huutumia ujuzi huo akiwa amefungiwa kwenye sehemu moja ya mwamba, sehemu nyingine zote zimefichika. Njia aliyoizoea ilikuwa ya maji tupu, inayopitika popote. Njia anayoitumia ni ya hewani, na ina mlango mmoja tu ulio sahihi. Hawezi kurudia mwendo aliowahi kuufanya, kwa kuwa hakuwahi kuufanya. Inambidi ageuze kile alichokiona kiwe kitu kingine. Kila nikifika hapa namheshimu zaidi kiumbe huyu, na nasikitika nikisikia watu wakirudia ule usemi kwamba samaki husahau baada ya sekunde tatu.

Harufu je? Swali hili ni la haki, kwa sababu kuna samaki mwingine wa madimbwini, Oligocottus maculosus wa pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, ambaye akihamishwa hurudi kwenye dimbwi lake, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 1974 yalionyesha kwamba pua ina sehemu kubwa katika kurudi kwake kuliko macho. Lakini yule hurudi wakati maji yamejaa, bahari ni moja na harufu ina njia ya kusafiri. Gobi wa Bimini huruka wakati maji yamekatika vipande vipande. Harufu ya dimbwi la pili haiwezi kuvuka jiwe kavu ikaingia kwenye dimbwi la kwanza. Samaki wawili wa maisha yanayofanana, kila mmoja ana chombo chake, na kila chombo kinafaa kwa saa yake ya maji.

Kuna nyongeza iliyokuja miongo mingi baada ya Aronson, na inaipa kesi hii mizizi. Nchini Australia, Gemma White na Culum Brown wa Chuo Kikuu cha Macquarie waliwalinganisha gobi wanaoishi kwenye miamba na gobi wanaoishi kwenye mchanga wa ukanda huohuo wa maji kupwa na kujaa. Wa miamba, wakiwemo jamaa wa Bathygobius, walikuwa wepesi zaidi kujifunza mahali, na ubongo wao wa mbele, ambao kwa samaki unahusika na kukumbuka mahali, ulikuwa mkubwa zaidi kwa uwiano. Wa mchanga walizidiwa hapo, ila sehemu ya ubongo inayoshughulika na kuona ndiyo iliyokuwa kubwa kwao. Hilo linaeleweka ukiwahi kutembea pwani siku mbili mfululizo. Mchanga wa leo si wa jana, wimbi limeusawazisha, alama uliyoiweka haipo. Anayeishi hapo afanye nini na ramani? Afadhali awe na macho ya kuona hatari mapema. Mwamba hauhami. Dimbwi alilolijua mama litakuwa palepale mwanawe atakapokua.

Nimebakiza zile siku 40, na nadhani ndizo zinazotuambia kumbukumbu hii ni ya nini. Kwa nini ikae muda wote huo, wakati maji hujaa karibu mara mbili kwa siku na somo linaweza kurudiwa kila mara? Siku 40 ni kujaa kwa maji kama mara 77. Ukiishi mbali na bahari hilo linaonekana kama ziada isiyo na maana. Lakini mtu wa pwani anajua kwamba kujaa si kumoja. Kuna bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapopanda sana na kushuka sana. Na kuna maji mafu, katikati yake, yanapopanda kwa uvivu na kuishia njiani. Huku kwetu Zanzibar tofauti ya bamvua kati ya kujaa na kupwa hufika kama mita nne. Bimini ni ndogo zaidi, haizidi mita moja kwa kawaida, lakini mpangilio ni uleule, wa wiki mbili mbili.

Fikiria sasa gobi aliye kwenye dimbwi la juu kabisa ya mwamba. Siku za bamvua maji yanamfikia, anatoka, anazunguka, anaona mabonde na vilima. Kisha maji mafu yanaingia. Siku kadhaa zinapita, bahari inapanda na kushuka chini yake bila kulifikia dimbwi lake hata mara moja. Amefungiwa na maji yaleyale, na pweza wa mwamba huo hana likizo. Akibanwa siku ya sita ya maji mafu, kinachomwokoa ni kile alichokiona mara ya mwisho bahari ilipomfunika. Kumbukumbu ya saa 12 isingemfaa, na ya siku tatu ingemwacha kwenye jiwe kavu. Inayodumu siku 40 inavuka maji mafu mawili mazima na kuzidi, na bamvua ijayo inamkuta bado anajua dimbwi la jirani liko upande gani.